Bibi Aliyepewa Jiko Lisilotoa Moshi

Ndugu zangu, haya sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwepo. Jiko lenyewe nililibeba mimi, kutoka barabarani lilipoteremshwa hadi kwenye nyumba ya yule bibi, kilima kizima, baada ya wanaume wanne kulijaribu na kulitua. Chuma kitupu. Shuleni niliishia darasa la nne, lakini mgongo Mungu alinipa wa chuo kikuu.

Basi kulikuwa na bibi mmoja huko kwetu juu, kwenye baridi ile ambayo mwezi wa saba maji ya kuku yanaganda nje. Mjane, mwenye mwana mmoja tu, na huyo mwana anafanya kazi mjini kwenye kiwanda cha mbao. Bibi alikuwa na mafiga matatu na moto ambao haukuzimika tangu alipoolewa. Akilala anaufukia kwa majivu, akiamka anaufukua. Na sisi majirani, asubuhi, kila nyumba na kigae chake cha chungu kilichovunjika, tunakwenda kwake kupalia moto. Unapiga hodi, unasalimia kamwene, unachukua makaa mawili matatu. Lakini mnajua ilivyo, hakuna anayechukua makaa akaondoka. Utaketi. Utaulizwa habari za magoti ya mama yako. Utapewa kiazi cha kuchoma ambacho hukukiomba. Mke wangu alikuwa akienda saa moja, anarudi saa tatu, makaa yameshakuwa majivu, anageuza kwenda tena.

Lakini moshi nao ulikuwepo. Macho ya bibi yalitoka machozi mchana kutwa, na kifua kilikoroma. Mwanawe alipokuja likizo akaliona hilo, akaumia. Je, huyu ni mwana mbaya? Msiharakishe. Angekuwa mbaya ningemaliza mfano hapa twende tukale.

Akanunua jiko la kuni la chuma, lenye mlango wake na bomba linalopenya kwenye bati. Akaliweka sebuleni, mafiga akayatupa nje. Siku ya kwanza tulijaa mle ndani kulitazama. Joto likapanda mpaka nikavua koti, na koti lile nilikuwa sijalivua tangu kipaimara. Mwana akatueleza kwamba jiko lile likishashika vizuri halitoi moshi, mtatazama juu ya paa msione kitu. Tukapiga makofi.

Kesho yake jirani mmoja, mama mtu mzima, akafika na kigae. Mwana akamzuia mlangoni, kwa upole kabisa, akamwambia mlango wa jiko ukifunguliwa kila mara joto linakimbia, na bibi anahitaji joto. Halafu akaenda dukani, akarudi na katoni nzima ya viberiti, akatugawia nyumba hadi nyumba. Kwangu aliacha vinane.

"Sasa hamtamsumbua mama," akasema.

Bibi alikuwa amemfuata nyuma. "Mwanangu, nani alikuambia wananisumbua?"

"Pumzika, mama. Umewahudumia watu maisha yako yote."

Akapumzika. Mwana akarudi kazini.

Ninyi mnaonisikiliza, mngekwenda? Kufanya nini, asubuhi, mikono mitupu, na kiberiti unacho? Watasema umefuata kiazi. Siku moja nilipita pale na shoka langu, bibi akaniita kutoka dirishani, akauliza kama kiberiti kimekwisha. Nami najulikana kwa majibu. Nikamwambia, "Bibi, njiti zilizobaki ni nyingi kuliko siku zangu za kuishi." Akacheka sana.

"Haya. Zikiisha, uje."

Nikaenda zangu, nikilifurahia jibu langu. Nililirudia kwa watu watatu.

Mwezi wa saba ukielekea kwisha, yule mwana akaja na blanketi jipya. Tulimsikia akiita mama. Akaita tena. Kisha hatukumsikia. Tulipoingia, jiko lilikuwa baridi kuliko mawe ya mtoni. Bibi alikuwa chini karibu na kizingiti, uso umeelekea nje, na mkononi ameshika kigae chenye makaa mawili yaliyozimika. Alikuwa anatuletea moto. Waliomwosha walisema amekaa pale siku nne, labda tano.

Mwana akatugeukia. Hakupaza sauti. "Siku nne. Hata hamkuona kwamba hakuna moshi?"

Yule mama wa kigae akajibu akitazama chini, "Jiko lako halitoi moshi, mwanangu. Ulituambia mwenyewe."

Sasa msirudi nyumbani mkasema nimekataza majiko. Jiko lilikuwa zuri. Macho ya bibi yalipona, niliyaona pale dirishani, meupe kama ya msichana. Nasema habari zetu sisi. Sisi tulijidanganya kwamba tulikuwa tunafuata makaa. Ni nani umempa kiberiti ili asikusumbue tena? Ni nani aliyekupa wewe, ukapokea kwa mikono miwili na kushukuru? Kuna mlango hapa hapa mtaani kwetu ambao hatujaupigia hodi tangu siku tuliyoacha kuhitaji kitu ndani yake. Tukitoka hapa, twende. Twende bila kigae. Tusingoje njiti ziishe.

Na kwa kuwa nimesimama mahali pa kusema kweli, nikiri jambo moja nililolitia mwenyewe. Mnadhani nitasema jiko sikulibeba peke yangu. Nililibeba. Ni kile kigae. Bibi hakushika kigae. Mkono wake ulikuwa mtupu, umenyooshwa kuelekea mlangoni. Makaa nimeyaweka mimi, kwa sababu nikiusimulia mkono ule ulivyokuwa, nakumbuka kwamba siku ile nyumbani kwangu vilikuwa vimebaki viberiti sita.