Palizi ya Mzee Tembo

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wakialikana kulima, desturi ilikuwa moja: aliyewaita wenzake shambani ndiye anayewapikia. Ukialika, unalisha. Jambo jepesi hilo, wanangu, lakini Tembo, na kichwa chote kile, lilimshinda!

Mahindi yake yalikuwa yamezongwa na magugu, akawaalika Nyati na Ngiri. Lo! Walipalilia siku hiyo, majembe kwa! kwa! kwa! Jua lilipofika utosini wakakaa kungoja ugali. Tembo akasimama mbele yao, akapiga makofi.

"Pwa! Pwa! Pwa! Hongereni! Nyinyi ndio nguzo ya shamba hili!"

"Ahsante, mzee," alisema Ngiri. "Na chakula?"

"Chakula, chakula! Mnawaza matumbo tu? Kazi ni moyo!"

Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akala peke yake. Hata kusimulia nachukia.

Kesho yake walirudi kumalizia palizi, lakini Nyati alifyeka mahindi, magugu akayaacha. Ngiri akaegemea jembe, akasinzia. Tembo akaingia jikoni akifoka. Mpishi wake alikuwa Pimbi, mnyama mdogo asiyemfika hata gotini.

"Wanyama wa siku hizi wamekuwaje, Pimbi? Hawajali kazi! Mvua ikinikuta na magugu haya, sivuni hata gunzi!"

"Pole, mzee. Nyumba hii ina vitu viwili vya kugawa: chakula na makofi. Niruhusu leo nigawe mimi."

"Gawa utakavyo, mradi walime!"

Pimbi akajitwika chungu cha ugali na bakuli la kunde, huyoo, akapotelea shambani. Punde Tembo akasikia majembe: kwa! kwa! kwa! Akatabasamu, akalala. Alipoamka jioni, shamba lilikuwa jeupe, hakuna gugu hata moja.

"Umewaweza, Pimbi! Haya, lete chakula, tumbo linanguruma!"

Pimbi akasimama kizingitini, akapiga makofi.

"Pwa! Pwa! Pwa! Hongera, mzee! Wewe ndiwe nguzo ya nyumba hii!"

"Wee! Acha mzaha! Chakula kiko wapi?"

"Chakula kimeshalima, mzee. Yamebaki makofi, nawe ruhusa ulinipa mwenyewe."

Tembo akakifunua chungu: kitupu! Alilala na njaa, na dawa yake ndiyo hiyo.

Mkono mtupu haulambwi, wanangu: kabla hujamwita mtu mvivu, tazama kwanza sahani uliyompa.