Mgonjwa wa Chumba cha Uani

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa nyumba.

Ya nani?

Ya mwenye nyumba.

Na sisi je?

Wapangaji, bibi, tunapita tu.

Haya, tupite polepole, tusije tukaambiwa tunachakaza sakafu.

Palikuwa na mji mdogo kando ya mto, jina lake Tanurini. Mji wa kazi. Kukicha kila mnyama yuko matopeni: huyu anakanyaga udongo, yule anafyatua tofali, yule anabeba kuni za kuchomea. Jioni wote rangi moja, wekundu, ngiri humjui wala nungunungu humjui. Tanuru lilikuwa la nani? La Bwana Kiboko. Na vile vyumba vya kupanga vilivyopangana ukingoni? Vya Bwana Kiboko. Alikuwa na huruma kupita kiasi. Mchana alikutumikisha, usiku alikupangisha, ili usiende mbali ukachoka.

Chumba cha uani alikaa Mama Nguchiro na wanawe wachanga. Mwili wake wote ungeingia kwenye kiatu, mkia ukabaki nje. Siku anahamia, ukutani palikuwa na tundu la kupita mbuzi na pembe zake. Nguchiro akachota udongo, akaziba. Pwata, pwata, pwata. Kesho yake ndi, ndi, ndi, huyo Kiboko. Hodi hakubisha, maana mlango ni wake.

"Mama Nguchiro, ukuta umependeza."

"Nashukuru, baba mwenye nyumba."

"Chumba chenye ukuta mzuri kina kodi yake. Utaongeza kapu la samaki."

Nguchiro akaongeza. Akasawazisha sakafu, pwata, pwata, pwata. Ndi, ndi, ndi, huyo Kiboko.

"Mama Nguchiro, sakafu imependeza."

"Nashukuru, baba mwenye nyumba."

"Chumba chenye sakafu nzuri kina kodi yake. Utaongeza kapu la samaki."

Akaongeza. Lilibaki paa la nyasi, linavuja kama chujio la nazi. Hilo Nguchiro aliliangalia, akaliacha. Akajisemea, kulowa ni nafuu kuliko kutengeneza.

Masika yakawa yanakaribia. Ndi, ndi, ndi, huyo Kiboko, na nyuma yake Kenge, karani wa kivuko, mwenye shingo ndefu na mshahara.

"Mama Nguchiro, Bwana Kenge amekipenda chumba. Utahama."

"Baba, mvua hii hapa. Niende wapi na watoto hawajafumbua macho?"

"Dunia ni pana," akasema Kiboko, na yeye peke yake alikuwa ameijaza nusu.

Nguchiro akazunguka mji mzima kutafuta chumba. Kila alipobisha aliambiwa, kamwone Bwana Kiboko. Pasipo pa Kiboko palikuwa mashimo ya ukingoni tu, na masika mto ulikuwa na desturi ya kuyatembelea mashimo hayo na kuondoka na waliomo. Akakaa chini, akawatazama wanawe wamelaliana kama viazi kapuni. Akafikiri.

Sasa, Tanurini walikuwa na mila yao. Mji ukiwa na matanga, tanuru haliwashwi. Kila mfanyakazi ananawa mikono, anakwenda kukaa mkekani. Na chakula cha waliokuja kulia ni juu ya mwenye nyumba ulimotokea msiba. Mwenye nyumba asiyepika, siku yake ikifika atajizika mwenyewe. Na kiboko, jamani, kujizika si kazi ndogo.

Siku ya kuhama ikafika. Ndi, ndi, ndi, huyo Kiboko. Kabla hajafika uani akasikia, uwiii, uwiii. Mikeka imetandikwa, wafyatua tofali wote wamekaa, mikono shavuni.

"Amekufa nani?"

"Shangazi yangu, baba," akasema Nguchiro, kamasi na machozi. "Wa huko juu ya mto."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Habari za juu ya mto zinakuja kwa miguu."

"Alikuwa mtu wa watu," akasema Ngiri, ambaye hata jina la marehemu hakulijua.

"Na watu wake wanakula nini?" akauliza Fisi, ambaye msiba haumpiti.

Kiboko akatazama tanuru lake. Halitoi moshi. Akatazama waombolezaji. Wanamtazama. Akaenda akaleta unga, akaleta samaki, akapika huku anahema.

Matanga yakaanuliwa. Ndi, ndi, ndi, huyo Kiboko tena. Uwiii, uwiii.

"Nani tena huyu?"

"Mume wa shangazi, baba. Uchungu umemuua. Walipendana, usione vile."

"Sikuwahi kuwaona kwa vyovyote."

"Basi ungewaona."

Kiboko akapika. Samaki wote aliolipwa kodi wakarudi kwenye matumbo ya waliomlipa, na Fisi akaomba ukoko.

Kiboko hakuwa mjinga kiasi hicho. Waliponawa mikono akamwita Nguchiro mbele ya wote. "Sikiliza, mama. Ukoo wako ufe wote leo, kwa pamoja, nipike mara moja yaishe."

"Ningependa, baba, lakini kila mmoja ana siku yake. Siwezi kuwapangia."

"Basi mnisikie nyote. Msiba wa juu ya mto, sipokei. Wa chini ya mto, sipokei. Msiba wangu ni wa atakayefia humu ndani mwangu, huyo nitamlilia mpaka arobaini yake. Mwingine, hapana. Kesho asubuhi unahama."

"Umesema neno la haki, baba mwenye nyumba," akasema Nguchiro, akainamisha kichwa kwa adabu.

Akatoka hapo, mbio, mpaka nyuma ya tanuru. Huko alikaa Bibi Kobe, kizee cha zamani, moshi wa tofali umemkaa kifuani, anakohoa tangu mababu wa Kiboko wakiwa ndama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kho, kho."

"Bibi, unapenda mchuzi wa samaki?"

"Wa kununua au wa kuletewa?"

"Wa kuletewa, umelala kitandani."

"Nipishe nipite," akasema Bibi Kobe.

Asubuhi, ndi, ndi, ndi, huyo Kiboko, na Kenge kabeba kitanda chake kichwani. Kilio hakuna. Kiboko akatabasamu, meno yote nje. Akamkuta Nguchiro anafunga vifurushi kwa upole. Nyuma ya pazia pakasikika, kho, kho, khoo.

"Nani huyo?"

"Bibi yangu, baba. Kaja kupumzika. Wala usihofu, ni hali tu imekuwa mbaya."

Kiboko akanyoosha mkono, akaurudisha. Mwanamume hafunui pazia alikolala bibi mgonjwa.

"Sisi tunahama kama ulivyoamuru," akasema Nguchiro. "Mgonjwa ndiye habebeki. Tunamwachia Bwana Kenge, ni mtu mwema, atamfumba macho."

Kenge akatazama pazia. Akatazama kitanda chake. "Nimekumbuka," akasema, "nina safari." Akageuza kitanda na shingo yake, akaondoka.

Huko nje koleo zilikwisha kulazwa chini. Ngiri akachungulia. "Bwana Kiboko, tuwashe tanuru, au tusubiri kidogo?"

Kiboko akapiga hesabu ya kupika mpaka arobaini, Fisi akiwepo kila siku, na tofali zote mbichi, na masika yaja kuziyeyusha. Jasho likamtoka. "Asife," akasema. "Mama Nguchiro, nakuomba, asife. Anataka nini?"

"Mchuzi, mjukuu wangu," sauti ikatoka nyuma ya pazia, imejaa mauti. "Wa samaki. Usitie chumvi nyingi."

Ndo, ndo, ndo, tone la kwanza la masika likapenya paani.

"Na hili paa, baba," Nguchiro akaugulia. "Mgonjwa akilowa tu..."

Mkaona kiboko anakata nyasi? Tanurini walimwona. Alikata, akafunga, akapandisha, mpaka paa likaacha kuvuja. Jioni Nguchiro akamuuliza kwa unyenyekevu kuhusu kodi.

"Shh," Kiboko akanong'ona. "Usimtajie mgonjwa mambo ya kodi."

Mvua ikanyesha, mto ukatembelea mashimo yake, na wana wa Nguchiro wakafumbulia macho pakavu. Tangu siku ile Kiboko hupita kila asubuhi. Siku hizi hunyata, na hodi anabisha.

"Bibi kaamkaje?"

"Kaamka, baba."

"Tushukuru," husema Kiboko, na kuweka sufuria mlangoni. Yeye amekonda. Bibi Kobe amenenepa mpaka gamba linambana. Na kobe, kama mjuavyo, hana haraka na jambo lolote, hata la kufa.

Basi, wajukuu zangu, mafunzo ni haya. Msiseme uongo, mwongo hapati pa kulala. Lipeni kodi mapema, na mwenye nyumba akisema hameni, hameni kwa heshima. Wala msiwasengenye wenye nyumba, maana mmesikia kwa masikio yenu jinsi wanavyowapenda wagonjwa.

Hadithi yangu inahamia kwenu. Atakayeipokea aikarabati atakavyo, kodi sitampandishia.