Mizinga Mbele ya Jumba la Sultani

Hapo zamani, katika mji mmoja wa pwani ambao wenyewe waliuona mkubwa, alikuwako mvuta mkokoteni aitwaye Mbaruku, na katika wavuta mikokoteni wote hapakuwa na mbovu kama yeye. Alikwisha kugonga mlango wa kadhi na mitungi ya muuza maji, na siku moja akaugonga msikiti, ambao haukuwa umesogea tangu ujengwe. Akisimangwa kwa hayo, mwenyewe husema, "Mmemsahau na ngamia."

Basi baraza la mawe mbele ya jumba la Sultani Muhenda lilipobomoka, lawama zote zilimwendea Mbaruku. Na safari hii, kwa ajabu, hakuwa yeye. Alikuwa Sultani mwenyewe, aliyejinunulia gari la farasi na kukataa kuendeshwa, ikawa kila akirudi kutoka shambani hukata kona kwa mbio na gurudumu hula baraza. Mji mzima ulijua hayo ila yeye, kwani alidhani ule mtikisiko ni ubovu wa njia, na hapana aliyethubutu kumwambia.

Sultani akaghadhibika, akaamuru mikokoteni yote ichomwe moto Ijumaa baada ya sala. Wavuta mikokoteni wakahuzunika sana, maana hawakuwa na kazi nyingine. Wakamwambia Mbaruku, "Sifa zako ndizo zilizotuponza. Nenda ukatuombee."

Akaenda kwa Sultani. "Bwana wangu," akasema, "mimi makosa yangu ni mengi, yananitosha. Lakini wenzangu wana watoto. Waachie mikokoteni yao, nami nitalilinda baraza."

"Walinzi ninao," akajibu Sultani. "Wanalala, wanakula, na akipita mkubwa wanatazama pembeni. Niletee mlinzi asiyelala, asiyekula, asiyemwogopa mtu, amzuie kila mwenye magurudumu na amwache kila mwenye miguu. Ukimkosa, mikokoteni itachomwa na wewe utafungwa."

"Asimwogope mtu yeyote, bwana?"

"Yeyote. Mwoga simtaki."

Mbaruku akatoka akitamani kutoroka, ila alijijua, hata huko njiani angegonga kitu. Akaenda nyuma ya ngome akakaa juu ya mzinga mbovu ili ajihurumie kwa nafasi. Mizinga ya namna hiyo ilikuwa mingi pale, imeshikwa na kutu, haina mwenyewe. Alipokwisha kujihurumia akautazama ule aliokalia, akauuliza kama una njaa. Haukujibu. Akaenda mbio kuwaita wenzake.

Sultani alipokwenda shambani, wakaichimbia mizinga wima, midomo chini, ikakingama njia yote mbele ya jumba. Nafasi kati ya mzinga na mzinga ilipimwa kwa tumbo la Mbaruku. "Nikipita mimi," alisema, "hapana raia atakayekwama." Akajaribu, akakwama. Wakamchomoa wakicheka, wakaongeza nafasi.

Ijumaa ikafika, mikokoteni ikarundikwa uwanjani na askari akasimama na mwenge. Mara Sultani akatokea kwenye kona kwa mbio zake zile zile. Farasi, aliyekuwa na akili kuliko wengi mjini, akasimama. Gari halikusimama. Gurudumu likaupiga mzinga, kilemba cha Sultani kikamshukia machoni.

"Nani ameweka vyuma hivi?"

"Ni walinzi wako, bwana," akasema Mbaruku. "Nimewaeleza kwamba wewe ni Sultani. Hawanisikilizi."

"Mwondoe mmoja nipite."

"Nikimwondoa, bwana, atakuwa amemwogopa mtu. Nawe mwoga humtaki."

Sultani akalitazama gurudumu lililopinda, kisha baraza. "Mbaruku," akauliza polepole, "ni wewe uliyenibomolea baraza?"

"Ningependa kusema ndiyo, bwana, nionekane nami nimewahi kumaliza jambo. Lakini mkokoteni wangu haujapata kufika mbio hizo."

Sultani akainamisha uso kwa haya, kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. Akaamuru mwenge uzimwe na kila mtu achukue mkokoteni wake, akashuka, akapita kwa miguu katikati ya mizinga. Ikawa desturi yake tangu hapo, na watu wakapata mahali pa kumsalimia na kumweleza shida zao.

Naye Mbaruku akafanywa msimamizi wa mizinga. Aliipokea kazi hiyo kwa furaha kubwa, kwa kuwa ndiyo ya kwanza maishani mwake ambayo hakutakiwa kusogeza kitu.