Pelele na Mgeni wa Mwisho wa Harusi

Nina ngano!

— Tupe!

Nina uongo!

— Utie chumvi!

Nyie wa huko nyuma, mbona mmenyamaza? Nina uongo!

— Utie chumvi!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo kale, Pelele, yaani pimbi, binti wa majabalini, alimwona Nungunungu amesimamisha miiba yake. Akasema, "Lo! Kijana kavaa huyu!" Hiyo Jumatatu. Jumatano akaposwa. Alhamisi akaolewa. Chekeni tu.

Siku ya kwanza akageuka huku, akachomwa. Siku ya pili akageuka kule, akachomwa. Siku ya tatu hakugeuka kabisa, akachomwa vilevile.

"Mume wangu, sikuchukii, ila nimechoka kutobolewa. Niache."

"Hata mimi nimechoka," akasema Nungunungu. "Unavyopiga makelele usingizini, jamani!"

Wakaenda kwa Kadhi Korongo, wakidhani watarudi kabla ya chai.

"Walioalikwa harusini ndio wanaoshuhudia talaka," akasema Kadhi. "Wote walifika?"

Wakatazamana. Nungunungu, kwa kupenda sifa, alialika pori zima, hata Konokono. Na Konokono alikuwa bado hajafika.

"Basi harusi yenu haijaisha. Mke akae kwa mumewe mpaka mgeni afike."

Pelele akaangua kilio. "Kadhi wangu, mama yangu ni mzee, yuko peke yake, na pango linavuja! Nataka niwe kwake kabla ya masika!"

"Mgeni kwanza," akasema Kadhi.

Pelele akatoka mbio. Akamkuta Konokono ng'ambo ya mto, anaimba:

"Niko njiani, niko njiani, bibi harusi nisubiri!"

"Baba Konokono, panda mgongoni nikubebe."

"Ati nini? Mgeni wa harusi habebwi kama kuni!"

Masika yakaja. Mama akalowa peke yake. Pelele akaenda tena, akamkuta kwenye shamba la mihogo.

"Niko njiani, niko njiani, bibi harusi nisubiri!"

Masika ya pili yakaja. Mama akalowa tena, akaanza kukohoa. Pelele alikonda kwa mawazo, masikini. Akatoka mara ya tatu, akamkuta Konokono kizingitini pa nyumba yao, na zawadi yake ya jani la mchicha imekauka kau.

"Nimewahi!" akasema Konokono, akapiga kigelegele. "Bibi harusi yuko wapi?"

"Ni mimi. Karibu. Keti ushuhudie talaka."

"Talaka? Aa! Ningejua, nisingekimbia hivi!"

Kadhi akaitwa, akawaachanisha papo hapo. Pelele hakuaga mtu. Alikimbia mpaka kwa mama yake, akamkumbatia, wakalia, wakaziba pango pamoja.

Haukupita mwezi, Fungo akaja, kajipaka manukato. "Pelele, nikuoe Alhamisi?"

"Nioe. Lakini mwalike Konokono kwanza. Akifika na bado unanitaka, tutaoana."

"Nampelekea mwaliko leo leo! Yuko nyumbani?"

"Yuko njiani anarudi. Mwache afike kwao kwanza."

Mmesikia? Ndoa siku tatu, kuachana masika mawili. Anayeweza kusubiri, asubiri kabla.

Ngano yangu nimeitua hapa, atakaye aibebe. Mimi niliwaacha wanakunywa uji, na sikupewa hata kikombe.