Kesi ya Kinu na Michi Miwili

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi jirani alipokuwa jirani kweli, Kiboko na Nyati walitwanga pamoja. Kinu cha Nyati, michi miwili ya Kiboko. Twa! Twa! Bonde zima likajua kumekucha.

Kisha wakanuniana. Kinu kikabaki kwa huyu, michi kwa yule, watoto wakawa wanatafuna mtama mzimamzima.

Mwisho wakaapa kupigana. Wapi? Katikati yao, penye nyumba ya Bi Pimbi, asiyefika hata goti la Nyati, na ndani ana watoto watatu wachanga.

"Wataniulia wanangu hawa!" akasema Bi Pimbi. Akaukumbuka ule mlio wa kinu wa asubuhi, ambao wawili hao waliuzima, hasira zikampanda. Akatoka mbio.

"Kelele nyie! Kwanza nisikilize kesi yenu. Na mimi sisikilizi kesi na njaa. Nitwangieni mtama wangu."

"Nitwange na huyu?" Kiboko akafoka. "Labda nife!"

"Sema tu unaogopa kushindwa," Bi Pimbi akamchokoza.

"Nani? Mimi? Lete mtama!"

Akaifuata michi yake. Nyati, asije akachekwa, akakileta kinu.

"Sharti moja," akasema Bi Pimbi. "Anayeshusha mchi ndiye anayesema. Anayeinua, afunge mdomo."

Twa! "Mama yangu alikufa," Kiboko akasema, "hukuja hata kunipa pole!"

Twa! "Nilikuja! Nikapiga hodi mara tatu, ukaninyamazia!"

Twa! "Mwongo! Lini?"

Twa! "Siku ya pili ya matanga, mchana!"

Mchi wa Kiboko ukasita hewani.

"Mchana... nilikuwa chini ya maji, nalia. Kule chini sisikii kitu, ndugu yangu."

"Lo!" Nyati akainamisha pembe. "Na boga nilikuletea. Nikarudi nalo."

"Boga?"

"Kubwa hivi!"

Wakaendelea kutwanga, polepole. Twa. Twa. Mlio uleule. Bi Pimbi akageukia ukutani, asionekane anafuta macho.

"Unga huo, Bi Pimbi," Nyati akasema. "Haya, tuamulie kesi."

"Kesi gani? Si mmeshaimaliza wenyewe?"

"Aa! Kumbe umetuchezea!" Kiboko akasema. "Hata njaa hukuwa nayo!"

"Ninayo sana," akajibu Bi Pimbi, akajitwika unga wake, akaingia ndani kusonga ugali.

Basi nanyi, mkipiga hodi kwa mwenye msiba msijibiwe, msinune: rudini kesho mkapige tena.