Mushagalusa Apanda Mlingoti

Katika jiji zima la Sydney hakuna mtu aijuaye bahari kama mimi. Nimeivuka yote, kutoka Mombasa hadi huku. Kwa ndege, nikiwa usingizini, mdomo wazi. Lakini hadithi hii haihitaji mwogeleaji. Inamtaka mtu anayejua kwamba njia ya mwongo ni fupi, yaani, mwongo hata akitimua mbio kama swala, haendi mbali kabla hajajikwaa.

Mwaka wa pili wa korona, mtaa wa Toongabbie ulinyamaza kama maji mtungini. Helikopta ya polisi ilinguruma juu ya mapaa, na mtu hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka mlangoni pake. Mzee Akilimali, Mkongomani wa Bukavu, aliambiwa apumzike kazi yake ya ghalani kule Minto kwa sababu ya umri. Akabaki nyumbani na mjukuu wake Ketsia, binti wa miaka kumi na miwili, huku mama wa mtoto akishinda kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Ketsia alisoma kwa kompyuta, na tangu siku ya kwanza kamera yake ilikuwa imezimwa. Akiulizwa swali alijibu neno moja, kisha kimya. Basi mwalimu akaagiza kwamba Ijumaa kila mwanafunzi alete mzee wa ukoo wake, asimulie jambo kubwa lililofanywa na watu wao.

"Sisi hatuna jambo kama hilo, Babu," Ketsia alisema kwa Kiingereza, kama alivyozoea kumjibu. "Nitasema naumwa."

Maneno hayo yalimkwama mzee kooni kama mwiba wa samaki. Wazee wake walikuwa wakulima wa mihogo, watu wema ambao hawakuwahi kufanya lolote la kusimulia.

"Hatuna? We mtoto! Babu wa babu yangu, Mushagalusa, aliteka marikebu ya adui!"

Ketsia aliinua macho. "Kweli, Babu?"

"Kweli ya Mungu."

Nyuma ya ua, jirani yao Mkenya, Mama Rispah, alikuwa akianika nguo. Akachungulia.

"Mzee Akilimali, Bukavu kuna bahari tangu lini?"

"Mama Rispah, hata chumvi haikuzaliwa Bukavu, lakini imo katika kila sufuria."

"Haya. Ila ukimdanganya mtoto nitasikia. Siendi popote, serikali imenifungia hapa hapa."

Ijumaa ikafika. Waliweka kompyuta barazani, mzee amevaa koti la kanisani juu na suruali ya kulalia chini. Ketsia akavuta pumzi, akawasha kamera, na darasa likauona uso wake kwa mara ya kwanza. Mzee alisimulia kwa Kiswahili, mtoto akatafsiri.

"Mushagalusa alishuka na msafara hadi pwani, akawa baharia katika marikebu ya milingoti mitatu. Kazi yao ilikuwa kuwinda marikebu za adui zilizoiba watu vijijini. Asubuhi moja wakaiona moja, nyeupe kwa matanga, inakimbia. Adui akatupa mapipa ya maji ili awe mwepesi. Akatupa nanga. Akatupa hata mizinga yake mikubwa! Sisi nasi tukayamwagia matanga maji, ndoo baada ya ndoo, nyuzi zikazane, zisipitishe upepo."

"Sisi? Kumbe ulikuwepo?" Mama Rispah alinong'ona nyuma ya ua. Lakini nguo zilikuwa bado zimelowa ndani ya beseni, na mikono yake haikukumbuka kuzianika.

"Ghafla, shwari. Upepo ukakatika, bahari ikawa kioo. Pande zote mbili wakashusha mashua, wakafunga kamba, wakaanza kuzivuta marikebu zao kwa makasia. Fikirini! Milima miwili ya mbao inafukuzana kwa nguvu za mikono ya watu, na hakuna sauti ila ya kupumua!"

Kwenye skrini hakuna mtoto aliyetikisika. Mwalimu alishika kikombe karibu na mdomo, akasahau kunywa.

"Upepo uliporudi tulikuwa tumemfikia. Tulikuwa tumetweka bendera ya uongo, asitutambue. Hiyo baharini inaruhusiwa. Lakini kabla mzinga haujalia, lazima utweke bendera yako ya kweli. Usipofanya hivyo wewe ni haramia, utanyongwa. Na kamba ya bendera ikakwama! Nahodha akalia, 'Nani atapanda?' Mushagalusa akajifunga bendera kiunoni, akapanda. Risasi zikamzunguka kama nyuki. Akapanda! Akaipasua ile ya uongo, akaifunga ya kweli, na mizinga ikanguruma hata mbingu zikatetemeka. Adui akashusha matanga, akasalimu amri. Chini ya sitaha milango ikafunguliwa, na watu mamia wakatoka gizani, wakiziba macho kwa mwanga."

Sauti ya Ketsia ilitetemeka akitafsiri. Shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya twiga. Mwenye busara angekomea hapo. Lakini mzee alimwona mwalimu akifuta machozi, na machozi ya wasikilizaji ni kama pombe ya ndizi: ukionja, utataka mtungi mzima.

"Na Mushagalusa?" mwalimu aliuliza.

"Aaa, Mushagalusa! Risasi ilimpata kifuani. Alikufa amekumbatia mlingoti, kijana wa miaka kumi na tisa. Hakuoa. Hakuacha hata mtoto mmoja duniani."

Ketsia alianza kutafsiri, akafika kwenye kuoa, akanyamaza. Akamgeukia mzee. Kisha yeye asiyemjibu babu yake ila kwa Kiingereza akainamisha kichwa na kuuliza kwa Kiswahili, polepole, darasa lisielewe:

"Babu, kama hakuacha mtoto, sisi tumetoka wapi?"

Beseni lilianguka nyuma ya ua. "Mjibu mtoto, Mzee!"

Akilimali alilivuta koti lake la kanisani, akalifunga vifungo.

"Alikuwa na... alikuwa na pacha."

"Pacha aliitwa nani?"

"Mu... Mushagalusa."

Darasa zima lilikuwa likingoja tafsiri. Ketsia hakuuliza tena. Alimtazama tu, na yule mzee aliyepita katikati ya risasi za adui muda mfupi uliotangulia alishindwa kuyakabili macho ya mtoto. Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi.