Kilima cha Mgagani

Sogeeni, mboga bado haijaiva, na hadithi haingoji chumvi.

Palikuwa na mama, Nambua, na wanawe wenye njaa. Ukame ulikuwa umemaliza kila jani, isipokuwa mgagani ulioota kwenye kilima kimoja cha mbali. Siku ya kwanza alichuma ncha, akaacha mizizi kama alivyofunzwa. Kilima kikashusha pumzi. Siku ya pili akachuma ncha, kilima kikakoroma. Siku ya tatu miguu ilimuuma, akang'oa mche mmoja na mzizi wake ili akaupande nyumbani. Kilima kikainuka. Kumbe ni zimwi, na ule mgagani ni nywele zake.

"Mara mbili umenikuna, mama, nikalala vizuri. Leo umening'oa."

"Bwana, njia ni ndefu na watoto hawajala. Naenda kuupanda kwangu."

"Haya. Ulipo mzizi wangu, nami nipo."

Nambua akaupanda, akakesha. Asubuhi, nyuma ya jiko palikuwa na kilima kibichi, kikipumua taratibu. Watoto wakatoka mbio kukitazama. Yeye akatwaa ungo.

"Chumeni ncha tu," akanong'ona, "na msikanyage kwa nguvu. Amelala."

Haya, mboga imeiva. Leteni sahani, na mtembee polepole.